Herufi moja ikibadilika kwenye jina la chipu, bado nimenunua kitu kilekile?

*"Habari, mtaalamu. Nimechora bodi yangu ya kwanza ya kupima joto na unyevu, nikaijengea juu ya STM32F103C8T6. Bodi zimeshachapishwa, lakini chipu yenyewe haipatikani. Nimeletewa orodha ya mbadala: STM32F103CBT6, STM32F103C6T6, STM32F103RBT6, STM32F103C8U6 na GD32F103C8T6. Rafiki yangu anasema F103 zote ni ndugu, nichukue yoyote. Nasita, kwa sababu mwezi uliopita nilinunua ATmega328-PU nikidhani ni sawa na ATmega328P-PU, programu ikakataa kupakiwa, na nikaambiwa nimeuziwa chipu feki. Je, kuna kanuni moja ya kusoma majina haya? Na zile namba nyingine zilizochapwa chini ya jina ni za nini?"*

Ndugu msomaji, kusita kwako kumekuokolea fedha. Kati ya chipu tano ulizoletewa, zote maikrokontrola (kompyuta ndogo ndani ya chipu moja), moja unaweza kuipachika leo bila kugusa chochote, moja inahitaji majaribio kwanza, moja itakuingiza kwenye matatizo ambayo huenda usiyaone mpaka baadaye, na mbili hazitakaa kwenye bodi yako hata ukizibembeleza. Rafiki yako hakukosea kusema ni ndugu. Ila ndugu hawavai kiatu kimoja.

Nianze na ile ATmega, maana hapo naweza kukupunguzia mzigo haraka. Chipu yako pengine si feki hata kidogo. ATmega328 na ATmega328P ni chipu mbili tofauti za kiwanda kilekile. Zote zina kilobaiti 32 za flashi (kumbukumbu ya kuhifadhi programu) na pini zilezile, na programu iliyoandikwa kwa moja kwa kawaida huendeshwa na nyingine. Lakini kila moja imechongewa ndani saini yake ya baiti tatu, na programu ya kupakia huisoma saini hiyo kabla ya kuandika chochote. ATmega328P hujitambulisha kwa 1E 95 0F, na ATmega328 isiyo na P kwa 1E 95 14. Kompyuta yako ilitarajia ya kwanza, ikakuta ya pili, ikagoma. Ukitumia programu ya kupakia ya avrdude, iambie chipu yako ni `m328` badala ya `m328p`, kisha ujaribu tena. Tofauti ya maana ni kwamba yenye P imeundwa kula umeme kidogo zaidi. Kwa mfano, programu inaweza kuizimia ile saketi inayolinda dhidi ya kushuka kwa volti wakati chipu imelala. Kifaa kinachoishi kwa betri ndogo kitaiona tofauti hiyo, lakini kifaa kilichochomekwa ukutani hakitajua.

Sasa litazame tena jina ATmega328P-PU. Lina P mbili. Ya kwanza, iliyogandana na namba, inazungumzia silikoni: toleo la kubana umeme. Ya pili, baada ya kistari, inazungumzia ganda: lile refu la miguu inayopenya kwenye matundu ya bodi. Ni herufi ileile yenye kazi mbili zisizohusiana. Ukilielewa hilo umelishika nusu ya somo lote, na wewe kama mzungumzaji wa Kiswahili una faida hapa. Chukua "ku". Katika "kupika" inafanya kazi moja, katika "hakupika" nyingine, na katika "nakupenda" nyingine kabisa. Hakuna anayekuuliza "ku" maana yake nini bila kukuonyesha imekaa wapi. Jina la chipu nalo limejengwa kama kitenzi chetu: kuna viambishi awali, kuna mzizi, kuna viambishi tamati, na herufi hupata maana kutokana na nafasi yake.

Je, kuna kanuni moja? Hapana. Kila kiwanda kina sarufi yake, na mara nyingi kiwanda kimoja kina sarufi kadhaa kwa sababu kimebadili mawazo njiani au kimenunua kiwanda kingine. Atmel ilinunuliwa na Microchip mwaka 2016, kwa hiyo leo chini ya paa moja kuna majina ya PIC (za Microchip) na ya AVR (ukoo wa ATmega yako), na hayafuati utaratibu mmoja. Kilicho cha kawaida karibu kila mahali ni mpangilio huu: mwanzo wa jina unakuambia ukoo, katikati panakuambia silikoni iliyomo na ukubwa wa kumbukumbu, na mwisho unakuambia ganda, joto na jinsi chipu zilivyofungashwa. Mimi husema hivi: mwanzo wa jina ni wa anayeandika programu, mwisho ni wa anayeshika chuma cha kulehemu. Katikati mnagawana, na ndiyo maana ajali nyingi hutokea hapo.

Tulifumue jina lako. Katika STM32F103C8T6, STM ni kiwanda, yaani STMicroelectronics, na 32 ni upana wa kichakataji kwa biti. F ni tawi la matumizi ya jumla; mahali hapo ungeweza kukuta L kwa chipu za kubana umeme, H kwa zenye nguvu kubwa, au W kwa zenye redio. 103 ndiyo mzizi: kiini cha Cortex-M3 cha hadi megahezi 72, chenye USB na CAN (njia ya mawasiliano inayotumika sana kwenye magari). Usiuchezee mzizi. F101 inaonekana jirani kabisa, lakini inaishia megahezi 36 na haina USB. F100 inaishia 24. F107 imeongezewa Ethernet.

Baada ya mzizi zinakuja herufi nne, na hizo ndizo zinazokuhangaisha. C ni idadi ya pini, yaani 48. Mahali hapohapo T ingekuwa 36, R ni 64, V ni 100 na Z ni 144. 8 ni ukubwa wa flashi, kilobaiti 64. Hapa mpangilio huwachanganya wengi kwa sababu unaanza na tarakimu na kumalizia na herufi: 4 ni kilobaiti 16, 6 ni 32, 8 ni 64, B ni 128, C ni 256, E ni 512, G ni 1024. Umeona? C ya pini na C ya flashi zinafuatana bila hata kistari katikati. STM32F103RCT6 ina pini 64 na kilobaiti 256, wala si pini 48. T inayofuata ni ganda la LQFP, lile bapa lenye miguu myembamba pande zote nne. U ingekuwa ganda lisilo na miguu, P lile jembamba lenye miguu pande mbili, na H lenye vitone vya lehemu chini ya tumbo. Ile 6 ya mwisho ni joto: kuanzia nyuzi 40 chini ya sifuri hadi 85 juu yake. 7 hufika 105 na 3 hufika 125. Hapo mwenye uwezo mkubwa anaweza kushika nafasi ya mdogo. Kinyume chake usijaribu. Ukikuta TR imebandikwa mwishoni kabisa, isikutishe. Ina maana tu kwamba chipu zimefungwa kwenye mkanda uliozungushwa kwenye kibiringo kwa ajili ya mashine ya kupachika. Chipu ni ileile.

Kwa ufunguo huo, turudi kwenye orodha yako.

STM32F103CBT6 ndiyo ya kuchukua. Pini ni 48, ganda ni lilelile, joto ni lilelile, RAM ni kilobaiti 20 zilezile, na flashi imeongezeka mara mbili. Programu uliyoikompaili kwa C8 itaendeshwa humo bila kubadilishwa. Kiwanda kinaziweka C8 na CB katika kundi moja la kumbukumbu ya kati, na zote mbili hujitambulisha kwa namba ileile ya ndani, 0x410. Ndiyo maana watu wengi wamekuta C8 yao inakubali kuandikwa hadi kilobaiti 128. Nakuomba usijenge kitu juu ya ukarimu huo. Kiwanda kimeahidi 64 na ndizo kinazowajibika kuzipima. Nusu iliyobaki inaweza kuwa nzima kwenye chipu moja na mbovu kwenye nyingine, na hutakuwa na wa kumlalamikia.

STM32F103RBT6 ndani yake ni ileile CB, ila imevishwa ganda la pini 64. Ganda lako ni la milimita 7 kwa 7 na hili ni la 10 kwa 10. Kwa bodi zilizokwisha kuchapishwa, jibu ni hapana. Ukichora toleo la pili la bodi na ukahitaji pini zaidi, hii itakuwa rafiki mzuri, kwani programu haitajua kama imehamishwa nyumba.

STM32F103C8U6 inauma zaidi, maana silikoni ndiyo hasa unayoitaka na hata namba za pini zinalingana moja kwa moja. Tatizo ni kwamba ganda la U halina miguu. Vituo vyake vya lehemu viko chini ya tumbo, na katikati kuna bati la chuma linalotakiwa kulehemiwa kwenye bodi. Bodi yako imechorwa kwa miguu inayotoka nje, kwa hiyo vituo havikutani. Nilishawahi kuagiza chipu arobaini kwa kosa hilihili: nilisoma namba yote kwa makini hadi 8, nikachoka herufi mbili kabla ya mwisho. Zilikaa kwenye droo miaka miwili nikizitafutia kazi.

Sasa STM32F103C6T6. Hii ndiyo inayoniogopesha, kwa sababu inakaa kwenye bodi vizuri kabisa. Ukilifuata jina neno kwa neno, utasema tofauti ni flashi tu: kilobaiti 32 badala ya 64, na programu yangu ni ya kilobaiti 20, basi inatosha. Jina limekuambia kweli, lakini halikukuambia kweli yote. Kutoka 8 kwenda 6 umevuka mpaka wa kundi. C6 ni ya kundi la kumbukumbu ndogo, silikoni nyingine, yenye namba ya utambulisho 0x412. RAM imeshuka kutoka kilobaiti 20 hadi 10. Taima ya nne haipo. Kati ya njia za kuwasiliana na vifaa vingine, USART ya tatu haipo. SPI ya pili haipo, na I2C ya pili haipo. Kama kitambuzi chako cha unyevu umekiunganisha kwenye I2C ya pili, programu itapakiwa bila malalamiko, taa itawaka, na kitambuzi kitakaa kimya. Utabadilisha kitambuzi. Utabadilisha waya. Utailaumu lehemu yako. Utakesha.

Mpaka kama huo upo pia upande wa juu, na nautaja kwa sababu utafika siku moja. Kutoka RB kwenda RC unaweza kudhani umeongeza kumbukumbu tu, kumbe umeingia kundi la kumbukumbu kubwa. Huko flashi hufutwa kwa kurasa za kilobaiti 2 badala ya 1, orodha ya vekta za kukatiza (anwani za kazi zinazoikatiza programu) ni ndefu zaidi, na namba ya utambulisho ni 0x414. Programu inayohifadhi mipangilio ya mtumiaji kwenye ukurasa wa mwisho wa flashi, iliyoandikwa kwa kudhani kurasa ni za kilobaiti 1, inaweza kufuta kitu ambacho haikukusudia.

Ndiyo maana nasema jina ni kidokezo, si mkataba. Herufi mbili zinazofuatana kwenye orodha zinaweza kuwa silikoni moja iliyouzwa kwa bei mbili, au zikawa chipu mbili zilizotengana. Jina peke yake halikuonyeshi mpaka uko wapi. Kinachokuonyesha ni jedwali lililo kwenye kurasa za mwanzo za karatasi ya data (datasheet, waraka rasmi wa kiwanda), lile linalopanga vifaa vya familia safu kwa safu. Na ufunguo wa herufi zote uko mwishoni mwa karatasi hiyohiyo, kwenye sehemu ya namna ya kuagiza. Nikipokea karatasi ya data ya kurasa mia moja nasoma sehemu hizo mbili kwanza. Zilizobaki nasoma ninapokwama.

Imebaki GD32F103C8T6. Hii ni ya kiwanda kingine, GigaDevice, ambacho kilichagua kwa makusudi kufuata sarufi ya majina ya ST ili mnunuzi aelewe mara moja: pini 48, kilobaiti 64, ganda la LQFP, joto la kawaida. Si feki, imeandikwa jina lake waziwazi usoni. Pini zinalingana na rejista nyingi zinalingana. Hata hivyo silikoni ni yao, imeundwa upya, na inaweza kwenda hadi megahezi 108. Namna inavyosoma flashi ni tofauti, kwa hiyo kitanzi cha kuhesabu ulichokipima kwa saa ya mkononi ili kupata ucheleweshaji fulani kinaweza kwenda kasi nyingine. Kama umetumia taima kwa ucheleweshaji wote, huenda usione tofauti yoyote. Mimi ningenunua mbili, ningezipachika kwenye bodi mbili, ningeziacha zifanye kazi wiki nzima, ndipo niagize zilizobaki. Kufanana kwa jina kunakupa sababu ya kujaribu, hakukupi ruhusa ya kuruka majaribio.

Kuhusu feki zenyewe: zipo. Kuna chipu zinazofutwa maandishi na kuchapwa jina jingine, na kuna silikoni ya mtu mwingine inayovikwa jina la ST. Njia nyepesi ya kupima ni kuiuliza chipu badala ya kuamini uso wake. Kwenye F103 halisi, kifaa cha kupakia programu kupitia SWD (waya mbili za kuingilia ndani ya chipu) kinatakiwa kusoma utambulisho 0x1BA01477. Ukisomewa 0x2BA01477 kwenye chipu iliyoandikwa STM32F103, ujue ndani yake yumo mwingine. Anwani 0x1FFFF7E0 hukupa ukubwa wa flashi kwa kilobaiti, na 0xE0042000 hukupa ile namba ya kundi. Chipu iliyoandikwa C8 usoni ikikujibu 0x412, umeuziwa mdogo aliyevaa koti la mkubwa.

Pengine utauliza kama kanuni hii inafaa kwingine. Utaratibu wa kusoma unafaa. Herufi zenyewe hazifai. AVR za zamani huanza na kumbukumbu: ATmega88 ina kilobaiti 8, ATmega168 ina 16, ATmega328 ina 32, ATmega2560 ina 256, na tarakimu zinazobaki hutofautisha tu matawi ya familia. Kwa hiyo anayeisoma 328 kama namba kubwa kuliko 168 amebahatisha kupata jibu sahihi, lakini akiichukua ATmega644 kuwa ndogo kuliko ATmega1280 kwa kila kitu atapotea, maana ni matawi tofauti. Kistari kikifika, herufi ya kwanza ni ganda: P ya miguu ya matundu, A ya bapa lenye miguu, M ya lisilo na miguu. U inayofuata ni joto la hadi 85, N ni 105, na R ya mwisho ni kibiringo. Kwenye ATtiny mpya wamekuwa nadhifu zaidi: ATtiny1614 ni kilobaiti 16, mfululizo wa 1, na ile 4 ni pini 14; 6 mahali hapo ni pini 20. Zile za karibuni zaidi zinajieleza zenyewe, kwani AVR128DA48 ni kilobaiti 128, familia ya DA, pini 48. Natamani wote wangeandika hivyo.

PIC ni kinyume. Huko, kwa nyingi za zamani, namba haikuambii kumbukumbu. PIC16F84A ina maneno 1024 ya programu, PIC16F628A ina 2048, PIC16F877A ina 8192. Tafuta uhusiano, hutaupata. Ni namba za kukariri kama namba za nyumba. Herufi zake ndizo zenye habari: F ni flashi, na C ya zamani mara nyingi ilikuwa ya aina inayoandikwa mara moja tu, au ile yenye dirisha la kufutwa kwa mwanga. LF ni ya volti za chini. A ya mwisho ni silikoni iliyorekebishwa, na usiichukulie kama urembo: PIC16F877A ina vilinganishi ambavyo PIC16F877 haina, na utaratibu wa kuiandika ni tofauti, kwa hiyo kifaa cha kupakia lazima kiambiwe ni ipi. Katika PIC16F877A-I/P, I ni joto la hadi 85, E ingekuwa 125, na P baada ya mkwaju (/) ni ganda.

RP2040 ya Raspberry Pi ina jina linalonifurahisha kwa sababu ni hesabu. 2 ni idadi ya viini. 0 ni aina ya kiini, Cortex-M0+. 4 inatokana na RAM: kilobaiti 264 gawanya kwa 16 unapata kumi na sita na ushei, na kumi na sita ni mbili iliyozidishwa yenyewe mara nne. 0 ya mwisho inasema hakuna flashi ndani. RP2350 ukiipiga hesabu hiyohiyo itakuambia kiini ni M33 na RAM imepanda hadi 520. Lakini ona mtego: RP2350A na RP2350B ni maganda mawili, la pini 60 na la pini 80. Toleo la silikoni nalo huandikwa kwa A, kama A2 na A4, na kasoro maarufu ya pini za kuingiza kukwama karibu na volti 2.2 iko kwenye A2. Mtu anaweza kukuambia "nina A" na wewe usijue anazungumzia A ipi. Muulize.

Moduli za ESP32 (chipu zenye Wi-Fi) zina sarufi ya watu wanaofikiria kumbukumbu kwanza. Kwenye ESP32-S3-WROOM-1-N16R8, N16 ni megabaiti 16 za flashi na R8 ni megabaiti 8 za RAM ya ziada. Wengi hununua R8 kwa kudhani zaidi ni bora. Hawajui kwamba RAM hiyo inakula pini za matumizi ya jumla (GPIO) namba 35, 36 na 37, na kwamba moduli ya R8 imepimwa kwa joto la mazingira la hadi nyuzi 65 tu badala ya 85. Kama kipimajoto chako kitakaa ndani ya sanduku lililofungwa juani, hilo si jambo dogo.

Kuhusu zile namba za chini ya jina: si sehemu ya jina. Mara nyingi mojawapo ni tarehe ya kutengenezwa, tarakimu mbili za mwaka na mbili za wiki, kiasi kwamba 2231 ni wiki ya 31 ya mwaka 2022. Viwanda vingine huandika mwaka kwa tarakimu moja tu. Nyingine ni namba ya fungu la uzalishaji, nchi ya kufungia ganda, na mara nyingi herufi ya toleo la silikoni. Hiyo ya mwisho ina uzito, kwa sababu kila familia ina waraka wa kasoro, na waraka huo hupangwa kwa toleo. Chipu mbili zenye jina sawa herufi kwa herufi zinaweza kuwa na kasoro tofauti. Kwenye maganda madogo sana jina lote halitoshi, na kiwanda huchapa kifupi cha herufi chache. Ufunguo wa kifupi hicho uko kwenye karatasi ya data, sehemu ya ganda. Usiyafute maandishi hayo kwa spiriti ukidhani unasafisha chipu. Yapige picha kwanza.

Jambo moja hukuliuliza, lakini nimelijibu kwa wengine mara nyingi mno. Siku utakapotaka kubadilisha maikrokontrola iliyoungua kwenye kifaa ulichonunua, kupata jina sahihi hadi herufi ya mwisho hakutoshi. Chipu mpya inakuja tupu. Programu ya kifaa ilikuwa ndani ya ile iliyoungua, na mara nyingi imefungwa isisomwe. Bila faili kutoka kwa aliyekitengeneza, umepachika kipande cha silikoni kisichojua kazi yake.

Na kuna wakati wa kuacha kusoma majibu ya mtu kama mimi na kumpelekea bodi mtu wa kuishika mkononi. Ganda la U au la H linahitaji hewa moto na mkono uliozoea. Kujifunzia kwenye bodi pekee uliyonayo ni kujitafutia hasara. Ikiwa bodi inaendesha kitu kinachoweza kumdhuru mtu, kama breki, kifaa cha tiba, hita au chochote kilichounganishwa na umeme wa ukutani, mbadala wa chipu apitishwe na mhandisi anayewajibika kwa kifaa hicho, hata kama jina linatofautiana kwa herufi ya kibiringo tu. Kwa mashaka ya kundi au toleo la silikoni, waandikie wahandisi wa msaada wa kiwanda chenyewe ukiwapa jina kamili na picha ya uso wa chipu. Mara nyingi hujibu, na jibu lao linazidi ubashiri wa yeyote.

Kwa hiyo agiza CBT6. Kabla hujalipa, fungua mchoro wako na uangalie kama pale kwenye orodha ya vipuri umeandika "STM32F103" peke yake. Kama ndivyo, irekebishe sasa hivi: andika STM32F103C8T6, na pembeni yake andika "mbadala: STM32F103CBT6", ili atakayeagiza baada yako asiletewe C6.